Kwa Nini Skrini ya Mbali Huchelewa? Somo la Kompyuta Pepe na Njia za Mtandao

1. Utangulizi

Katika shule moja ya sekondari iliyoko kwenye tambarare ya Kyela, mwendo mfupi kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa, mwandishi wa makala haya aliitwa kutoa ushauri juu ya maabara ya kompyuta. Shule hiyo ilikuwa na seva moja yenye nguvu ya kutosha, pamoja na kompyuta kuukuu zilizopatikana kwa msaada. Kwa kuwa kompyuta hizo hazikuweza kuendesha programu za siku hizi, mwalimu alitumia njia ya busara. Ndani ya seva alitengeneza kompyuta pepe kadhaa, na kila mwanafunzi, akiwa ameketi mbele ya kompyuta kuukuu, aliiona na kuitumia skrini ya kompyuta pepe kwa kupitia mtandao wa maabara.

Mpango ulikuwa mzuri, lakini matokeo yalikatisha tamaa. Mwanafunzi alipobonyeza herufi, ilijitokeza baada ya muda. Alipovuta dirisha, lilisogea kwa kurukaruka. Mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne ulikuwa umekaribia. Uongozi wa shule uliamini kwamba intaneti yao ilikuwa ndogo mno, na ulikuwa umekwisha kuandika barua ya kuwaomba wazazi, ambao wengi wao huishi kwa kilimo cha mpunga na kakao, wachange fedha za kulipia huduma kubwa zaidi.

Kabla barua haijapelekwa tulifanya jaribio moja dogo. Tulichomoa waya unaoiunganisha maabara na intaneti, kisha tukawataka wanafunzi waendelee na kazi zao. Skrini zilichelewa vilevile kama awali. Jaribio hilo la dakika tano lilitoa jibu la wazi: ikiwa uchelewaji unabaki hata pale intaneti inapokuwa haipo, basi intaneti sicho chanzo chake. Chanzo kilikuwa ndani ya chumba kile kile, tena ndani ya seva yenyewe, katika namna kompyuta pepe zilivyounganishwa na mtandao.

Makala haya yana nia ya kueleza, kwa hesabu zisizozidi kiwango cha sekondari, kwa nini skrini ya mbali huchelewa, jinsi ya kukitafuta chanzo, na ni marekebisho gani ya kompyuta pepe yanayoweza kuleta nafuu bila ya kununua chochote.

2. Kompyuta pepe na skrini ya mbali

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake na kadi yake ya mtandao ni sehemu za kompyuta nyingine iliyo halisi, zilizogawanywa na programu maalumu. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, kompyuta pepe huitwa mgeni, na programu inayogawa huduma kati yao tutaiita programu msimamizi. Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi tangu miaka ya 1960, ili kompyuta moja kubwa na ya ghali iweze kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kama anayo ya peke yake. Siku hizi jambo hilo hufanywa hata na kompyuta za kawaida. Tangu mwaka 2007, kwa mfano, kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimekuwa na sehemu iitwayo KVM inayofanya kazi hiyo.

Skrini ya mbali nayo ni utaratibu wa kuitazama na kuitumia kompyuta iliyo mahali pengine. Mfumo wa X ulianzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Mfumo wa VNC ulitoka katika maabara moja ya mjini Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990. Na utaratibu wa RDP wa kampuni ya Microsoft ulianza kutumika mwaka 1998. Yote mitatu ina tabia moja, nayo ni kwamba kila tendo la mtumiaji huhitaji safari mbili. Kwanza, habari ya kubonyezwa kwa kibodi au kusogezwa kwa kipanya husafiri hadi kwenye seva. Pili, picha ya skrini iliyobadilika husafiri kutoka kwenye seva hadi kwa mtumiaji. Mpaka safari zote mbili zikamilike, mtumiaji haoni kitu. Kwa kawaida, jibu likirudi katika muda usiozidi sekunde 0.1, binadamu huliona kuwa la papo hapo. Likizidi hapo, huanza kuhisi kwamba kompyuta ni nzito.

Sasa tuupime mzigo wenyewe. Skrini yenye pikseli 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu ina jumla ya pikseli 1,049,088. Ikiwa rangi ya kila pikseli huandikwa kwa biti 24, picha moja kamili ni:

1,366 × 768 × 24 = biti 25,178,112

yaani biti milioni 25 hivi. Katika mtandao wa maabara unaopitisha biti milioni 100 kwa sekunde, picha hiyo moja ingechukua takriban sekunde 0.25, nayo ni mara mbili na nusu ya kile kiwango cha sekunde 0.1. Kwa sababu hiyo mifumo ya skrini ya mbali haipeleki picha nzima kila mara. Hupeleka sehemu iliyobadilika tu, tena ikiwa imebanwa. Mwanafunzi anayeandika barua hubadilisha sehemu ndogo sana ya skrini, lakini anayetazama filamu huibadilisha karibu yote.

3. Upana wa njia na muda wa safari

Watu wengi husema mtandao una "kasi" wakiwa na maana mbili tofauti. Maana ya kwanza ni upana wa njia, yaani idadi ya biti zinazoweza kupita katika sekunde moja. Maana ya pili ni muda wa safari, yaani muda ambao biti moja hutumia kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia. Mambo haya mawili hayana budi kutenganishwa, na Ziwa Nyasa linatupa mfano unaofaa.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, upande wa mashariki wa Matema ambako milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja ziwani, ni wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo lililo karibu na Matema. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mtumbwi huchukua saa moja kwenda na saa moja kurudi, na kwamba hubeba vyungu 30. Mfinyanzi anayesubiri mtumbwi wake mmoja urudi na habari kwamba mzigo umefika salama, ndipo apeleke mzigo mwingine, atafikisha vyungu 30 kila baada ya saa mbili, yaani wastani wa vyungu 15 kwa saa. Akiwa na mitumbwi minne inayopokezana, atafikisha vyungu 60 kwa saa. Ziwa ni pana kiasi cha kupitisha mitumbwi mia kwa pamoja, lakini upana huo haumsaidii kitu mfinyanzi mwenye mtumbwi mmoja.

Hivyo ndivyo ulivyo utaratibu wa TCP unaotumiwa na sehemu kubwa ya mawasiliano ya kompyuta. Mpelekaji huruhusiwa kuwa na kiasi fulani tu cha data kilicho njiani kabla ya kupata taarifa kwamba kimepokewa. Kiasi hicho huitwa dirisha. Kwa hiyo:

Kasi ya juu kabisa = ukubwa wa dirisha ÷ muda wa kwenda na kurudi

Katika utaratibu wa awali wa TCP dirisha halikuweza kuzidi baiti 65,535, sawa na biti 524,280. Mwaka 1992 uliwekwa utaratibu wa kulipanua, lakini programu au vifaa visivyopangwa vizuri bado huweza kulibana.

Tuitumie fomula hiyo kwa Kyela. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, yaani theluthi mbili ya mwendo wake katika ombwe. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, unafika hadi Kasumulu wilayani Kyela, mahali unapounganishwa na Malawi. Tuchukue kwamba njia ya mkongo kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,000. Safari ya kwenda itakuwa sekunde 0.005, na ya kwenda na kurudi sekunde 0.01. Kwa dirisha la biti 524,280, kasi haiwezi kuzidi biti milioni 52 kwa sekunde.

Ikiwa seva iko Ulaya na njia nzima, nchi kavu na baharini, ni kilomita 12,000, muda wa kwenda na kurudi hautapungua sekunde 0.12, na kasi haitazidi biti milioni 4.4 kwa sekunde, hata kama shule imelipia biti milioni 100.

Kwa setilaiti inayokaa kwenye kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta, mawimbi hupanda na kushuka mara mbili kabla jibu halijarudi, na muda huo haupungui sekunde 0.48. Hapo kasi haitazidi biti milioni 1.1 kwa sekunde. Tena, hata ikiwa dirisha litapanuliwa, kila herufi itachelewa kwa karibu nusu sekunde, kwa kuwa hakuna fedha inayoweza kununua mwendo unaozidi wa mwanga. Hali kama hiyo ya kutegemea setilaiti ndiyo iliyokuwa ya kawaida Afrika Mashariki kabla ya mikongo ya baharini, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, kufika katika pwani yetu.

Funzo la sehemu hii ni kwamba skrini ya mbali huhitaji kwanza muda mfupi wa safari, ndipo upana. Mwalimu anayeweza kuweka seva ndani ya shule yake asiipeleke ng'ambo.

4. Foleni: kwa nini huwa sawa asubuhi na kuharibika darasa likijaa

Katika maabara tuliyoitaja, muda wa safari kutoka seva hadi meza ya mwanafunzi haukufika hata elfu moja ya sekunde. Je, uchelewaji ulitoka wapi? Mwalimu alitupa dokezo muhimu bila kujua. Alisema kwamba alipojaribu mitambo peke yake asubuhi, kila kitu kilikwenda vizuri. Darasa zima lilipoingia, mambo yaliharibika ghafla. Tabia hiyo ni ya foleni.

Pakiti za data zikifika mahali pa kuhudumiwa kwa nyakati zisizo na mpangilio, na kila moja ikahudumiwa kwa muda unaobadilikabadilika, wastani wa muda ambao pakiti hukaa hapo, kusubiri na kuhudumiwa, hupatikana kwa fomula rahisi:

Muda = 1 ÷ (uwezo wa kuhudumia − idadi inayofika)

Tuchukue tarakimu ndogo ili hesabu iwe nyepesi. Seva ina uwezo wa kuhudumia pakiti 1,000 kwa sekunde. Zikifika 500, kila moja hukaa sekunde 1/500, yaani 0.002. Zikifika 900, hukaa sekunde 1/100, yaani 0.01. Zikifika 990, hukaa sekunde 1/10, yaani 0.1. Tazama kwamba kutoka 900 hadi 990 kazi imeongezeka kwa sehemu moja ya kumi tu, lakini kusubiri kumeongezeka mara kumi. Zikifika 1,000 au zaidi, foleni hurefuka bila kikomo, na pakiti huanza kutupwa.

Kwa hiyo tuna njia mbili za kuiponya foleni: kupunguza pakiti zinazofika, au kupunguza muda wa kuhudumia kila moja. Njia ya pili ndiyo inayotuingiza ndani ya seva.

5. Kadi ya mtandao ya kuigiza

Mfumo endeshi ulio ndani ya kompyuta pepe hudhani kwamba una kadi ya mtandao. Ipo namna mbili ya kumpa mgeni huyo kadi.

Namna ya kwanza ni kuigiza kadi halisi. Programu msimamizi hujifanya kuwa kadi fulani inayojulikana, kwa mfano e1000 ya kampuni ya Intel. Faida yake ni kwamba mfumo endeshi wowote huitambua mara moja. Hasara yake ni kubwa. Kadi halisi hupokea amri kwa kuandikiwa katika visanduku vyake vya kumbukumbu. Kwa kuwa hapa kadi haipo, kila mara mgeni anapoandika katika kisanduku, prosesa humsimamisha, huhamia kwa programu msimamizi, programu hiyo hutafsiri amri iliyokusudiwa, kisha mgeni huruhusiwa kuendelea. Kusimama kwa namna hiyo hugharimu zaidi ya mizunguko elfu moja ya saa ya prosesa, na pakiti moja inaweza kusababisha visimamo kadhaa.

Fikiria lori la mchele linalovuka mpaka pale Kasumulu. Ikiwa kila gunia litateremshwa, lifunguliwe, liandikwe, lifungwe na kupakiwa upya, lori halitafika mapema hata barabara iwe mpya na pana namna gani. Tatizo haliko barabarani, liko mezani kwa mkaguzi.

Namna ya pili ni kumwambia mgeni ukweli kwamba yeye ni kompyuta pepe. Mgeni hupewa programu endeshi maalumu, na baina yake na mwenyeji hutengwa eneo la kumbukumbu ambalo wote wawili wanaweza kulisoma na kuliandika. Mgeni hupanga pakiti nyingi katika eneo hilo, kisha hutoa taarifa moja tu kwamba mzigo uko tayari. Ni kama ghala la pamoja lenye daftari moja: magunia yote huhesabiwa kwa mkupuo, na mkaguzi huitwa mara moja. Utaratibu mashuhuri wa namna hii huitwa virtio. Ulibuniwa na Rusty Russell, nao umo katika Linux tangu mwaka 2008. Mwaka 2010 Linux iliongezewa uwezo wa kuihudumia kadi hii ndani ya kiini chenyewe cha mfumo wa mwenyeji, na hivyo kupunguza zaidi mizunguko.

Turudi kwenye fomula ya foleni. Tuseme kuhudumia pakiti moja kulichukua sekunde 0.001, na mabadiliko haya yakaupunguza muda huo hadi sekunde 0.0001. Uwezo umepanda kutoka pakiti 1,000 hadi 10,000 kwa sekunde. Kwa pakiti zile zile 990, muda unashuka kutoka sekunde 0.1 hadi 1/9,010, yaani takriban sekunde 0.00011. Huduma imeharakishwa mara kumi, lakini kusubiri kumepungua karibu mara mia tisa. Hii ndiyo sababu badiliko dogo ndani ya seva huweza kuonekana kama muujiza mbele ya darasa lililojaa.

6. Njia kati ya kompyuta pepe na maabara

Baada ya kadi, liko suala la njia. Programu nyingi za kompyuta pepe, zisipoelekezwa vinginevyo, humficha mgeni nyuma ya anwani ya mwenyeji. Utaratibu huu huitwa NAT. Ni rahisi, na unatosha kwa mgeni anayesoma kurasa za intaneti tu. Lakini katika baadhi ya programu, kama vile QEMU inapotumia mtandao wake wa kawaida, kazi yote ya kutafsiri anwani na kuunda upya mawasiliano ya TCP hufanywa na programu ya kawaida iliyo nje ya kiini cha mfumo endeshi. Huyu ni mkaguzi wa pili katika safari ile ile, na kila picha ya skrini sharti ipite mezani kwake.

Njia iliyo bora kwa seva ya skrini ni daraja. Hapa mwenyeji huwa kama swichi, na kila kompyuta pepe hupata anwani yake katika mtandao wa maabara kama kompyuta nyingine yoyote. Katika QEMU, badiliko lote laweza kuonekana katika sehemu moja ya amri. Mahali palipoandikwa:

-nic user,model=e1000

pawekwe:

-nic bridge,br=br0,model=virtio-net-pci

ambapo br0 ni jina la daraja lililokwisha kutengenezwa katika mwenyeji. Katika programu nyingine, kama VirtualBox, machaguo hayo mawili, yaani aina ya kadi na aina ya njia, hupatikana katika ukurasa wa mipangilio ya mtandao wa kila kompyuta pepe.

Tahadhari nne hazina budi kuzingatiwa.

(a) Mgeni anayetumia Windows kwa kawaida hana programu endeshi ya virtio. Iwekwe kwanza, ndipo kadi ibadilishwe, la sivyo mgeni atabaki bila mtandao.

(b) Daraja lipitishwe katika waya. Vituo vingi vya mtandao usiotumia waya hukataa pakiti zenye anwani ya kadi nyingine isiyokuwa ile iliyojiandikisha, na daraja hushindwa kufanya kazi.

(c) Mwenye kutumia RDP akumbuke kwamba, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, picha zaweza kusafiri kwa utaratibu wa UDP pamoja na TCP. Katika TCP pakiti moja ikipotea, zile zilizo nyuma yake husubiri ipelekwe tena. Kwa picha ya skrini kusubiri huko hakuna maana, kwani picha mpya imekwisha kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Kwa hiyo anayelazimika kubaki na NAT afungue mlango namba 3389 kwa TCP na kwa UDP. Akifungua wa TCP peke yake, mfumo utaendelea kufanya kazi bila ya kulalamika, lakini kwa njia iliyo dhaifu.

(d) Mlango huo usifunguliwe kamwe kuelekea intaneti. Wahalifu huutafuta usiku na mchana. Anayetaka kuingia kutoka nje ya shule atumie njia ya siri iliyofungwa kwa msimbo, yaani VPN.

7. Jaribio la darasani

Jaribio lifuatalo linaweza kufanywa katika kipindi kimoja. Vifaa vinavyohitajika ni saa yenye sekunde, faili lenye baiti milioni 100, na daftari.

Hatua ya kwanza: tenga intaneti kwa kuchomoa waya wake. Uchelewaji ukiisha, chanzo kiko nje ya maabara, nawe uirudie sehemu ya tatu. Ukibaki, endelea.

Hatua ya pili: tazama matumizi ya prosesa na ya kumbukumbu katika mwenyeji wakati wanafunzi wote wakifanya kazi. Ikiwa kumbukumbu imejaa na diski inafanya kazi bila kupumzika, basi kompyuta pepe ni nyingi mno, na hakuna mpangilio wa mtandao utakaosaidia. Punguza idadi yao kwanza.

Hatua ya tatu: nakili faili kutoka kwa mwenyeji kwenda kwenye kompyuta ya mwanafunzi, na uandike muda uliotumika. Baiti milioni 100 ni biti milioni 800, kwa hiyo katika mtandao wa biti milioni 100 kwa sekunde muda hauwezi kupungua sekunde 8. Kisha nakili faili lile lile kutoka kwenye kompyuta pepe. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo gharama ya kadi ya kuigiza na ya njia yake.

Hatua ya nne: badilisha aina ya kadi, upime tena. Kisha badilisha njia, upime tena. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, maana hutajua ni lipi lililoleta nafuu. Rudia kila kipimo mara tatu, uchukue wastani, tena vipimo vifanywe mashine zote zikiwa kazini, kwa sababu foleni haionekani katika maabara iliyo tupu.

Hatua ya tano: punguza mzigo wenyewe. Ondoa picha ya mandhari ya skrini na madoido ya madirisha, na utumie rangi za biti 16 badala ya 24. Hatua hii ya mwisho hupunguza data ya picha ambayo haijabanwa kwa theluthi moja.

8. Hitimisho

Katika shule ile ya Kyela tulifuata hatua hizo hizo. Kumbukumbu ilitosha, lakini prosesa ya seva ilikuwa imeelemewa, na kunakili faili kutoka kwenye kompyuta pepe kulichukua muda mrefu kuliko kulinakili kutoka kwa mwenyeji. Kadi za kuigiza ziliondolewa, virtio ikawekwa, na NAT ikabadilishwa kuwa daraja. Siku iliyofuata wanafunzi waliandika, na herufi zilifuata vidole vyao. Mtihani wa vitendo ulifanyika kwa kompyuta zile zile kuukuu, na ile barua ya kuwaomba wazazi fedha haikutoka kabatini.

Hatusemi kwamba upana wa intaneti hauna umuhimu. Shule inayopokea masomo ya picha kutoka mbali inauhitaji. Tunachosema ni kwamba kipimo kitangulie ununuzi. Daktari hamtibu mgonjwa kwa kumpa dawa iliyo ghali kuliko zote, kwanza humpima. Mwalimu na mwanafunzi wa sayansi nao wanapaswa kufanya vivyo hivyo kwa mitambo yao, hasa pale ambapo gharama ya kukosea italipwa na mkulima.

Maswali ya kujipima

1. Skrini ina pikseli 1,024 kwa 768, na kila pikseli huandikwa kwa biti 16. Tafuta idadi ya biti katika picha moja kamili, na muda wa kuipeleka katika mtandao wa biti milioni 100 kwa sekunde.

2. Seva inaweza kuhudumia pakiti 1,000 kwa sekunde, na zinafika 950. Pakiti hukaa hapo kwa wastani wa muda gani? Muda huo utakuwa kiasi gani ikiwa uwezo utafikia 2,000?

3. Mfinyanzi ana mitumbwi sita yenye kubeba vyungu 30 kila mmoja, na safari ya kwenda na kurudi huchukua saa tatu. Atafikisha vyungu vingapi kwa saa? Eleza ni kitu gani katika TCP kinacholingana na idadi ya mitumbwi.

4. Shule iliyoko kando ya ziwa hupata intaneti kwa setilaiti iliyoelezwa katika sehemu ya tatu, nayo inatumia seva iliyoko Dar es Salaam. Jadili: je, kubadilisha kadi ya kompyuta pepe kutaondoa uchelewaji wa herufi? Ungewashauri wafanye nini?

Majibu: (1) biti 12,582,912, takriban sekunde 0.126. (2) sekunde 0.02, takriban sekunde 0.00095. (3) vyungu 60 kwa saa. Ukubwa wa dirisha. Swali la 4 lijadiliwe darasani.